Uzi: Mombasa hadi Toronto ni masaa 14, 15 au 21? Kila mtu ananipa hesabu yake

BintiKisauni (mleta uzi)
Assalaam alaykum wadau, na habari za jioni kwa wote. Mamangu anasafiri mwezi ujao kwenda Toronto. Dadangu amejifungua na mama amesema mjukuu hatamuona kwenye simu peke yake. Hajawahi kupanda ndege. Safari yake ndefu kabisa mpaka leo ni basi la Lamu.

Sasa nimechanganyikiwa. Mtandaoni nimeandika miji miwili nikajibiwa kilomita 12,630 na masaa 15 na dakika 20. Dadangu kule ameangalia tiketi akasema ni masaa 14 kasoro dakika kumi. Wakala aliyetukatia tiketi hapa mjini anasema masaa 21 kasoro dakika kumi. Hizi si tofauti ndogo. Mama anameza dawa ya presha kila baada ya masaa 12 na ananiuliza ameze lini, mimi sina jibu.

Tiketi yenyewe iko hivi: Mombasa Jumatano 17:35, Addis Ababa 19:55. Addis 22:40, Toronto Alhamisi 07:25.

Nani anasema kweli?

Chapati_Mbili
Natega sikio. Na mimi nna safari.

MwanaWaChangamwe
Dadangu, wakala ndiye mkweli. Dadako wa Toronto ametoa 17:35 kwenye 07:25 kama vile saa zote mbili ziko ukuta mmoja. Saa 17:35 ni ya Mombasa, 07:25 ni ya Toronto. Kila saa iliyoandikwa kwenye tiketi ni ya mji ule ndege inapotoka au inapotua. Sisi tuko mbele yao masaa 7 wakati huu wa kiangazi chao. Mama akitua 07:25 asubuhi, wewe Kisauni utakuwa 14:25, saa nane na dakika 25 mchana wa Alhamisi. Kutoka Jumatano 17:35 mpaka Alhamisi 14:25 ni masaa 20 na dakika 50.

Ukitaka kuyagawa: masaa 2 na dakika 20 hadi Addis, masaa 2 na dakika 45 ya kungoja, halafu masaa 15 na dakika 45 kutoka Addis hadi Toronto. Jumlisha mwenyewe.

Na angalia, sisi saa zetu hazibadiliki mwaka mzima lakini wao hubadilisha. Jumapili ya kwanza ya Novemba wanarudisha nyuma saa moja, tofauti inakuwa masaa 8, mpaka Jumapili ya pili ya Machi. Akirudi baada ya hapo hesabu si hii tena.

BintiKisauni
Ahsante sana kaka. Kumbe dada alimeza masaa saba mazima! Lakini mtandao nao? 15 na dakika 20 ilitoka wapi?

MwanaWaChangamwe
Ile ni hesabu ya kunguru. Inachukua umbali ulionyooka kati ya viwanja viwili, inaugawa kwa mwendo wa ndege wa kawaida, tuseme kilomita 850 kwa saa, inaongeza nusu saa ya kupaa na kutua, basi. Haijui kama kuna ndege inayofanya safari hiyo. Hakuna ndege ya moja kwa moja kutoka Mombasa kwenda Toronto, kwa hiyo hayo masaa 15 hakuna binadamu aliyewahi kuyasafiri.

Mtu_wa_Voi
Samahani niulize kama mshamba. Nikiangalia ramani, Toronto iko magharibi. Kwa nini mama apelekwe Addis ambayo iko kaskazini? Si ni kuzunguka? Mimi jirani yangu alipitishwa Doha, akaenda mashariki ili afike magharibi. Nilicheka.

KuliMstaafu
Usicheke mwanangu, ramani ya ukutani ndiyo inayokucheza. Chukua balungi, uzi na pini mbili. Choma pini moja upande mmoja chini kidogo ya kiuno cha balungi, hiyo ni Mombasa. Nyingine ichome juu, karibu theluthi moja ya mzunguko kuelekea magharibi, hiyo ni Toronto. Vuta uzi ukaze. Utaona wenyewe unapanda juu kaskazini halafu unashuka. Haupiti katikati ya Kongo na kukata Atlantiki kama unavyodhani.

Njia fupi kabisa ya Mombasa–Toronto inatoka hapa ikielekea kaskazini-magharibi, inapita juu ya Sudan Kusini, Sudan, Chad, Algeria, kaskazini ya Moroko, inapita pembeni mwa Ureno ndipo inaingia baharini. Sasa pima. Kupitia Addis: kama 1,450 na 11,500, jumla 12,950. Kupitia Nairobi na London: karibu 12,970. Kupitia Istanbul: 13,330. Doha ndiyo inayozidi, 14,380 hivi, yaani kama 1,750 zaidi ya uzi ulionyooka. Addis na London zinazidi uzi kwa kilomita mia tatu na kitu tu, pungufu ya Mombasa–Nairobi. Ukiona London kwenye ramani utadhani umepotoshwa.

(Nilifanya kazi bandari ya Kilindini miaka 31, mahesabu ya maili nilifunzwa na manahodha. Kilomita 12,630 ni maili za baharini 6,820.)

Mtu_wa_Voi
Mzee shikamoo. Nimeenda kununua balungi kweli.

KuliMstaafu
Marahaba. Ukimaliza ulile.

HesabuHazidanganyi
Kuna kitu hakijakaa sawa hapa. Kilomita 11,500 kwa masaa 15 na dakika 45 ni kama kilomita 730 kwa saa. Ndege kubwa haiendi mwendo huo, inaenda 900. Kwa 900 ilitakiwa afike kwa chini ya masaa 13. Masaa matatu yameenda wapi?

MwanaWaChangamwe
Swali zuri, nililitarajia. Kwanza muda wa tiketi haupimwi hewani, unaanza ndege inapoachia lango na unaisha inapofika lango. Kuzunguka uwanjani na kungoja zamu ya kuruka kumo ndani. Pili, ile njia ya mzee KuliMstaafu inapita palepale ambapo ndege nyingi zinaepuka. Tangu vita vya Sudan vianze Aprili 2023, marubani wanazunguka. Tatu, na hili ndilo kubwa, upepo.

KuliMstaafu
Upepo niachieni mimi.

Sisi watu wa pwani jambo hili tunalijua kabla ya ndege kuzaliwa. Majahazi ya Maskati na Sur yalikuja hapa na kaskazi, Disemba mpaka Machi, yakatia nanga Bandari ya Kale na tende, chumvi na samaki wakavu. Kurudi hakuna nahodha aliyegeuza tanga siku aliyotaka yeye. Alingoja kusi ianze Aprili, akapakia boriti, akaondoka. Umbali wa Mombasa na Maskati ni uleule, kama kilomita 3,700. Jahazi lenye upepo mzuri, likienda maili tano za baharini kwa saa bila kusimama, ni siku 16 au 17. Upepo ukiwa usoni hata usiniulize, hufiki.

Huko juu nako kuna msimu wake, ila huo haugeuki. Ni mto wa upepo unaopita kilomita 9 mpaka 12 juu ya ardhi, sehemu za Ulaya, Atlantiki ya kaskazini na Marekani, na daima unatoka magharibi kwenda mashariki. Kilomita 160 kwa saa kwake si ajabu, na wakati wa baridi yao unazidi. Mama akienda Toronto anaupanda mto. Akirudi anashuka nao. Mombasa–Addis hatousikia, mto huo haufiki kwetu.

Kwa hiyo Bi. Kisauni, usishangae tiketi ya kurudi ikiwa na masaa machache.

BintiKisauni
Mzee nashika miguu. Umenimaliza. Lakini tiketi ya kurudi mbona ni ndefu zaidi? Inatoka Toronto 10:40 asubuhi na kufika Addis 06:40 siku ya pili. Hayo ni masaa 20!

HesabuHazidanganyi
Unarudia kosa la dadako, sasa kwa upande wa pili, hahaha. 10:40 ya Toronto ni 17:40 ya Addis. Mpaka 06:40 ni masaa 13. Kwenda 15 na dakika 45, kurudi 13. Upepo huo.

BintiKisauni
Nimeona aibu. Endeleeni.

Chapati_Mbili
Si aibu, mimi nilikuwa natoa hesabu kama wewe.

KijanaWaKuze
Mimi nawaambia hivi: kilomita si tatizo, upepo si tatizo. Tatizo ni saa za Kiswahili na siku za Kiswahili. Nisikilizeni.

Miaka miwili iliyopita khalati yangu alikuwa aende Maskati. Tiketi imeandikwa Ijumaa 00:50. Khalati akaniambia, "Mwanangu, hiyo ni usiku wa Ijumaa, basi Alhamisi tukishasali Magharibi tuondoke." Mimi na elimu yangu nikamwambia khalati, hapana, Ijumaa ni kesho kutwa, pumzika. Nikamleta uwanjani Ijumaa saa tatu usiku, na masanduku manne, na nusu ya ukoo kumsindikiza. Yule kijana wa kaunta akaangalia karatasi, akaangalia khalati, akaniangalia mimi. Ndege ilikuwa imeondoka jana yake.

Yule mama hakusoma darasa la tano lakini hesabu yake ilikuwa sahihi. Kwetu siku inaanza jua linapozama. Usiku wa Ijumaa ni ule unaoingia Alhamisi jioni. Mimi niliyezoea kalenda ya simu ndiye niliyempotezea tiketi, na faini niliilipa mimi. Mpaka leo kwenye harusi za ukoo naitwa "Kesho Kutwa".

Sasa kila tiketi ikiwa kati ya 00:00 na 05:00 naandika kwa kalamu nyekundu: TOKA NYUMBANI JIONI YA SIKU ILIYOTANGULIA.

Mtu_wa_Voi
Nimecheka mpaka nimeacha balungi 😂😂 Kesho Kutwa!

BintiKisauni
Pole kaka, ila umenikumbusha jambo. Mama nilimwambia ndege ya Addis inaondoka 22:40, akasema "saa ishirini na mbili ndiyo saa ngapi?" Nikamwambia saa nne na dakika arobaini usiku. Sasa akifika Addis na ubao umeandika 22:40 atajuaje?

KijanaWaKuze
Mwandikie karatasi kwa Kiswahili na kwa tarakimu pamoja, mstari kwa mstari, aiweke ndani ya pasi yake. Habari njema ni kwamba Addis saa zetu ni moja, hana haja ya kugeuza kitu. Na Waethiopia nao wanahesabu saa kuanzia asubuhi kama sisi, saa moja yao ndiyo saa moja yetu. Akimuuliza mhudumu na wakaelewana kwa ishara, anaweza kujibiwa saa nne vilevile. Ila ubao wa uwanjani unafuata saa za kimataifa, auangalie huo.

DawaNaMengine
Mimi ni mhudumu wa afya, nijibu lile la dawa ambalo mmelisahau kwa sababu ya balungi.

Mwambie mama asibadilishe saa ya mkononi mpaka afike nyumbani kwa dada. Akiwa safarini afuate saa ya Mombasa. Kama humeza saa moja asubuhi na saa moja jioni, basi ya jioni ataimeza karibu na kutua Addis, ya asubuhi ataimeza ndani ya ndege hata kama nje ni giza totoro. Akishafika, namna ya kusogeza kwenda saa za Toronto aulize daktari wake KABLA hajaondoka, dawa za presha hazifanani. Na dawa ziwe kwenye mkoba wa mkononi, ndani ya pakiti zake zenye jina, asiziweke kwenye sanduku la chini.

Masaa 15 kwenye kiti, miguu itavimba. Asimame kila baada ya muda, atembee, anywe maji. Kama ana historia ya damu kuganda aseme kwa daktari.

BintiKisauni
Hili ndilo nililokuwa nalitafuta, Mungu akubariki. Saa ya mkononi ya marehemu baba ndiyo atakayovaa. Haibadilishwi hata kidogo, kwanza kifungo chake kimeharibika.

Nyali_Hadi_Mtwapa
Swali la pembeni. Kwa nini tusiwe na ndege yetu ya moja kwa moja? Nairobi wanayo ya New York.

MwanaWaChangamwe
Ile ilianza tarehe 28 Oktoba 2018. Kilomita kama 11,850, kwenda masaa 15, kurudi 14. Unaona tena upepo ule wa mzee. Lakini Nairobi ina mtihani wake: uwanja uko mita 1,624 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya juu ni nyepesi, bawa halishiki vizuri na injini haivuti vizuri, kwa hiyo ndege haiwezi kuruka na uzito wake wote. Unapunguza mafuta au abiria au mizigo. Addis ni mbaya zaidi, imepita mita 2,300. Kwa miaka mingi ndege yao ya Washington ilikuwa inatua Dublin kunywa mafuta wakati wa kwenda, halafu kurudi inakuja moja kwa moja, kwa sababu Washington iko chini na upepo unasukuma. Bi. Kisauni, muulize wakala kama ya mama inatua mahali njiani, asije akashuka akidhani amefika!

Sasa uwanja wetu wa Moi uko mita 61 tu. Kwa hilo tumewashinda Nairobi na Addis wote. Joto letu linapunguza kidogo, lakini barabara ya kurukia ina mita 3,350. Ndege ingeinuka na tangi limejaa. Shida ni nani ataijaza viti kila siku. Watalii wanakuja kwa misimu, na sisi tunaosafiri tunasafiri mmoja mmoja kwenda kuona wajukuu.

Nyali_Hadi_Mtwapa
Basi tuzae zaidi kule Toronto.

Abu_Sumayya_Majengo
Kuna ndugu amenitumia ujumbe pembeni akiuliza habari za saumu kwenye ndege. Ukielekea magharibi mchana, jua unalikimbiza. Pale ikweta dunia inazunguka kilomita 1,670 kwa saa, lakini kule latitudo 50 ni kama 1,070 tu, na ndege inaenda 900. Kwa hiyo jua linakaribia kusimama, na mchana unarefuka vibaya sana. Msafiri ana ruhusa ya kula na kulipa baadaye, hiyo iko wazi. Akishikilia kufunga, anafungua kwa jua analoliona yeye dirishani, si kwa saa ya Mombasa. Zaidi ya hapo waulizeni masheikh wenu, mimi ni muuza vitambaa.

Mwana_Likoni
Mmehesabu kila kitu mmesahau Likoni. Sisi wa ng'ambo safari ya Toronto inaanzia kwenye feri. Niliwahi kukaa foleni ya magari muda mrefu kuliko kuruka Mombasa–Nairobi. Siku hizi kuna barabara ya Dongo Kundu isiyopita feri, nashukuru. Wewe uko Kisauni, kwako ni Daraja la Nyali na mzunguko wa Changamwe. Ndege ya 17:35 mimi ningetoka nyumbani kabla ya saa saba mchana. Ndiyo, nimesema saba.

Na muombee kiti cha magurudumu kwa wakala sasa hivi, usingoje siku ya safari. Hata kama mama anatembea. Si kwa sababu ya miguu, ni kwa sababu yule anayesukuma kiti anajua lango liko wapi. Mamangu alibadilisha ndege katika uwanja mkubwa kuliko Mombasa yote bila kujua neno moja la lugha yao.

Mizigo hakikisheni imeandikwa hadi Toronto moja kwa moja. Na achari, yakhe, ACHARI! Ifungwe mara tatu.

BintiKisauni
Achari chupa nne, mabuyu, halua kilo mbili. Nyama kavu tumemkataza, amenuna.

Kiti nimeomba leo. Wakala amethibitisha haitui njiani.

*Wiki tano baadaye*

BintiKisauni
Wadau, nimerudi na mrejesho. Mama alifika salama alhamdulillahi. Ndege ilichelewa kutua dakika ishirini tu. Chupa moja ya achari ilivuja, kanzu ya shemeji ndiyo iliyoumia.

Nilimuuliza safari ilikuwa masaa mangapi. Akaniambia masaa hayajui, ila alitoka Mombasa ameshasali Alasiri, Magharibi na Isha akasali Addis, halafu akalala. Akaamka, saa ya baba ikamwambia saa kumi na moja alfajiri. Akaangalia nje, kiza. Akasema labda bado kidogo. Saa kumi na mbili, kiza. Saa moja akameza dawa, kiza. Akadhani saa ya baba imeharibika sasa kabisa. Saa mbili akamuita mhudumu akamuonyesha dirisha, yule mtoto wa watu akamletea blanketi.

Ilipokaribia saa tatu ndipo akaona mstari mweupe nje, akasali Alfajiri hapohapo kwenye kiti, na jua lenyewe likatoka saa nne. Amesema tangu azaliwe hajaona usiku mrefu vile, na anataka kujua yule mzee wa balungi anasemaje.

KuliMstaafu
Mwambie jua lilitoka upande wa mkia na ndege ikilikimbia, ndiyo maana lilichelewa kumfikia. Akirudi usiku utakuwa mfupi, asilale sana, Alfajiri itampita.